Kamba Kiunoni: Kisa cha Baharia French na Watu 15 wa Chelezo

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Septemba 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, karibu na kisiwa cha Guadalcanal katika Bahari ya Pasifiki, baharia Mmarekani mweusi wa miaka 22 alijifunga kamba kiunoni, akajitosa majini na kuanza kuogelea akikokota chelezo, yaani boya pana la kuokolea watu. Juu ya chelezo walikuwa wenzake wapatao 15, wengi wao wameumia. Jina lake Charles Jackson French. Melini hakuwa mpiga mzinga wala fundi wa mitambo. Kazi yake ilikuwa kuandaa meza ya maofisa, kuwapakulia na kuondoa vyombo. Kulipokucha watu wale walikuwa hai. Nishani ya ushujaa ule ilitolewa tarehe 21 Mei 2022, mwenyewe akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka 65.

Nakichambua kisa hiki kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili hapa Uganda, hasa ndugu zetu wanaokula na kulala kwa maji: wavuvi, manahodha wa boti za abiria kuelekea visiwa vya Kalangala na Buvuma, na askari wetu wa kikosi cha majini, ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kazi. Wengi waliomwandika French wanamweleza kama mtu wa nguvu za ajabu. Nguvu alikuwa nazo, sibishi. Lakini ukilipitia tukio hatua kwa hatua unakuta uokoaji ule ulifanywa na watu wawili, mmoja majini na mmoja juu ya chelezo, na yule wa pili ndiye pia aliyefanya dunia isikie. Hapo ndipo nataka tukae.

Meli iliyoangaziwa na ndege ya kwao

USS Gregory, meli ya French, ilikuwa manowari ya mwaka 1918, imegeuzwa kuwa meli ya kusafirishia askari. Ili wapate nafasi ya kubebea watu walikuwa wameondoa mirija ya kurushia torpedo (makombora yanayopita majini) na baadhi ya matangi ya mvuke, kwa hiyo ilibaki na mizinga midogo na kasi pungufu. Mchana wa tarehe 4 Septemba, Gregory na mwenzake USS Little walikuwa wamewapeleka askari kisiwani Savo. Usiku ukaingia na giza zito lenye ukungu. Makamanda wakaona heri kubaki wakipiga doria kuliko kurudi bandarini Tulagi kwa kupapasa.

Kama saa saba usiku wakaona mimweko ya mizinga. Wakadhani ni nyambizi. Kumbe zilikuwa manowari za Kijapani zikiipiga kambi ya Wamarekani ufukoni. Sasa rubani mmoja wa Marekani, naye akiwa ameona mimweko ileile, akadondosha mianga mitano ya kumulika. Ikashuka karibu juu ya Gregory na Little zenyewe. Wajapani, ambao hawakuwa na habari na meli hizo, wakaziona peupe kama mchana.

Hazikupita dakika tatu Gregory ikawa imesimama, matangi mawili ya mvuke yamepasuka, sitaha yote moto. Kamanda wake, Harry F. Bauer, aliyekuwa ameumia vibaya, akatoa amri watu waiache meli. Huyu naye tusimpite haraka. Majini alikuwa na mabaharia wawili wakimsaidia. Akasikia mtu mwingine akilia kuomba msaada, akawaamuru wale wawili wamwache yeye waende kwa huyo. Hakuonekana tena. Alitunukiwa Silver Star, nishani ya ushujaa vitani, baada ya kifo chake.

Wajapani hawakuishia kwenye meli. Waliendelea kufyatua, na safari hii walilenga watu waliokuwa wakielea.

Uamuzi wa kwenda mbali na nchi kavu

Afisa kijana aliyeitwa Robert Adrian alikuwa kwenye daraja la meli, mahali pa kuiongozea, mlipuko ulipotokea. Alipopata fahamu alikuwa majini, jaketi la kuokolea limemwinua, macho yameumia, haoni vizuri. Akasikia sauti, akazifuata. Hapo akamkuta French akiwakusanya majeruhi mmoja mmoja na kuwapandisha kwenye chelezo.

Hatua hii ya kwanza ndiyo inayosahaulika. French hakuanza kwa kuogelea. Alianza kwa kuwatoa watu majini. Anayezama humshika yeyote aliye karibu, na akikushika shingoni mtakwenda chini wote wawili, hata uwe muogeleaji wa namna gani. Walipokuwa juu ya chelezo, hakuna aliyeweza kumng'ang'ania tena. Mikono yao ilikuwa na kitu kingine cha kushika.

Halafu likaja tatizo la mkondo. Maji yalikuwa yakikisukuma chelezo kuelekea ufuko wa Guadalcanal, sehemu iliyoshikwa na Wajapani. Kufika pale maana yake ilikuwa kufa au kutekwa. Chelezo hakina injini wala usukani. Kinakwenda kunakokwenda maji. French akasema atakivuta. Adrian akamwambia ni wazimu, papa wamejaa humu. French akamjibu kwamba anawaogopa Wajapani kuliko papa.

Fikiria uzito wa uamuzi ule. Kila aliyewahi kupinduka majini anajua jinsi roho inavyotafuta nchi kavu: unaona mti, unaona taa ya mwalo, unajielekeza huko kwa nguvu zote zilizobaki. French alifanya kinyume. Aliipa nchi kavu mgongo, akaelekea bahari kuu gizani, akiwa na watu 15 nyuma yake, kwa sababu alikuwa ameshapima kwamba nchi ile si wokovu. Kwangu mimi akili ile ni kubwa kuliko misuli yake.

Nilipowasimulia kisa hiki vijana fulani wa mwaloni, mmoja aliuliza swali la mtu wa kazi: "Mzee, kamba aliifunga wapi, kifuani au kiunoni?" Kiunoni. Kuna sababu. Kamba ya kifuani inabana pumzi na inazuia mabega kuzunguka. Ya kiunoni inaacha mikono yote miwili huru, nayo inapita nyuma juu ya miguu. Ubaya wake ni kwamba kila wimbi linaporudisha chelezo nyuma, kamba inakaza ghafla na kukuvuta nyonga, kwa hiyo unapoteza sehemu ya kile ulichopata. Anayevuta hivyo hapati mwendo. Anachopata ni kuukatalia mkondo, hatua mbili mbele na moja nyuma, na afanye hivyo bila kupumzika, maana akiacha tu chelezo kinaanza tena safari ya ufukoni.

Maji ya kule ni ya vuguvugu, hilo lilimsaidia. Katika maji ya baridi ya kaskazini mwa Atlantiki, mikono ingekufa ganzi mapema sana.

Tatizo la mwisho lilikuwa mwelekeo. Mtu anayeogelea usiku, macho usawa wa maji, haoni anakokwenda. Anaweza kuzunguka duara asijue. Hapa ndipo Adrian anaingia. French alimwomba amwambie tu kama anakwenda sawa. Na Adrian, na macho yake yale mabovu, akakaa macho juu ya chelezo akimwelekeza. Mmoja alikuwa injini, mwingine usukani. Bila French chelezo kingefika kwa adui; bila Adrian, nguvu za French zingeweza kuwapeleka kulekule walikokuwa wakikimbia. Mapambazuko yakawakuta mbali na ufuko, ndege zikawaona, chombo cha kuteremshia askari kikaja kuwachukua.

Alivuta kwa saa ngapi?

Hapa ushahidi haulingani, na mchambuzi mwaminifu haruki mahali kama hapa. Adrian alisimulia kwamba French aliogelea usiku kucha, na wengi wameandika saa sita hadi nane. Barua ya pongezi iliyosainiwa na Admirali William Halsey, Mei 1943, inasema zaidi ya saa mbili mfululizo bila kupumzika.

Mimi nazisoma hivi. Barua ya kijeshi huandikwa na mtu wa ofisini, anayetaka kauli ambayo hakuna atakayeipinga. "Zaidi ya saa mbili" ni kiwango cha chini, haikatai kwamba zilikuwa sita. Adrian yeye alikuwepo. Gregory iliachwa kama saa saba na nusu usiku, na chelezo kilionekana baada ya jua kuchomoza. Katikati ya hapo kuna saa nyingi, na mkondo haukulala. Sina haja ya kushikilia nane. Lakini barua ile inanionyesha jambo: tendo kubwa likipita kwenye makaratasi bila mtu wa kulisimamia, hupungua. Saa zilipungua. Na nishani nayo ikapungua ikawa barua.

Mtu anaweza kusema labda wakati ule hapakuwa na nishani inayofaa. Ilikuwepo. Nishani ya Navy and Marine Corps, inayotolewa kwa anayehatarisha maisha yake kuokoa wengine nje ya mapigano ya ana kwa ana, ilianzishwa na Bunge la Marekani tarehe 7 Agosti 1942, mwezi mmoja tu kabla ya usiku ule. Na tazama alivyotendewa mwingine. Agosti 1943, katika visiwa vilevile vya Solomon, boti ndogo ya kivita PT-109 ilikatwa vipande viwili na manowari ya Kijapani. Nahodha wake kijana, John F. Kennedy, alimkokota majeruhi kwa kuuma mkanda wa jaketi lake kwa meno, akaogelea hadi kisiwani. Alistahili sifa, na 1944 akapewa nishani hiyohiyo. Alikuwa afisa, mzungu, mtoto wa aliyekuwa balozi. French alikuwa mtu mweusi katika jeshi la majini ambalo wakati ule liliwaweka watu weusi karibu wote jikoni na mezani. Maji yaleyale, kazi ileile ya kuokoa, nishani ileile. Mmoja alingoja chini ya mwaka mmoja. Mwingine alingoja karibu 80, na wakati huo wote hakukuwa na shaka yoyote kuhusu alichokifanya.

Kuna masimulizi mengine, yaliyotoka kwa French mwenyewe kupitia kwa baharia mwenzake. Baada ya kuokolewa, walipofikishwa kambini kupumzika, wasimamizi walitaka kumtenga French na kumpeleka kwa watu weusi. Wale aliowavuta, wakiwa bado wamejaa mafuta ya meli mwilini, wakakataa. Wakasema huyu ni wa Gregory, na wako tayari kupigana. Wasimamizi wakaacha.

Mwaka uleule wa 1942 Adrian alikisimulia kisa redioni. Na hapa kuna jambo linaloniuma: alimjua mtu aliyemwokoa kwa jina moja tu, French. Ilibidi magazeti yamtafute ni French yupi. Alipatikana: mzaliwa wa Foreman, Arkansas, mtoto yatima aliyehamia Omaha, Nebraska, kwa dada yake, aliingia jeshi la majini 1937, akamaliza muda wake, akarudi tena baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani huko Hawaii. Kwa muda alishangiliwa, hata picha yake ikachapwa kwenye kadi za watoto zilizouzwa na chingamu. Kisha kimya. Alifariki 7 Novemba 1956 akiwa na miaka 37, akazikwa katika makaburi ya Fort Rosecrans, San Diego.

Kilichomfufua ni ule ushahidi wa Adrian, uliobaki kwenye maandishi na katika familia, hadi watafiti wa historia ya uogeleaji na wanasiasa wa Nebraska walipoushika. Mwaka 2022 nishani ikatolewa kwa familia, na bwawa la San Diego ambako jeshi la majini linafundishia waogeleaji wa uokoaji likapewa jina lake. Posta moja ya Omaha nayo ina jina lake, na Januari 2024 ikatangazwa kwamba manowari mpya itaitwa USS Charles J. French.

Upande wetu wa maji

Tusidhani vita vile vya baharini vilikuwa vya watu wa mbali. Wazee wetu wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, walivuka Bahari ya Hindi kutoka Mombasa kwenda kupigana Burma. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Ilizama chini ya dakika mbili. Karibu watu 1,300 walikufa. Manowari ya Uingereza Paladin ilikuwa imeshashusha boti kuokoa waliokuwa wakielea wakati nyingine, Petard, ilipodondosha mabomu ya chini ya maji, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Kati ya Waafrika waliokuwa majini saa ile lazima wapo walioshika mkono wa mwenzao, waliompisha mwenzao kwenye ubao. Sidhani kama Waafrika wa siku ile walikuwa na roho ndogo kuliko French. Walichokosa ni mtu wa kusimama mbele ya redio.

Na leo? Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilipinduka karibu na ufuko wa Mutima, wilaya ya Mukono. Zaidi ya watu 30 walikufa. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao. Baadhi ya mitumbwi hiyo ililemewa na watu waliokuwa wakiirukia kwa hofu. Mtu aliyegeuza mtumbwi wake jioni ile na kuuelekeza kwenye kelele alijua hatari, kwa sababu anayafahamu maji kuliko yeyote aliyekuwa ndani ya boti ile. Majina ya waliokufa tuliyasoma. Majina ya wavuvi wale waliovuta watu, nani anayo?

Tuna nishani ya taifa yenye jina la ziwa letu, Nalubaale, lakini hiyo hutolewa kwa raia waliopambana na ukoloni na udikteta. Ni heshima kubwa na ina mahali pake. Hata hivyo nishani si kitu cha kwanza ninachokidai, kwa sababu kisa cha French kinaonyesha nishani inaweza kuchelewa miaka 80 na bado ikafika, ilimradi ushahidi upo. Ushahidi usipokuwepo haifiki kamwe.

Kwa hiyo ninachowaomba viongozi wa mialo, kuanzia Majanji na Masese hadi Ggaba, Kasenyi na Kasensero, ni daftari. Lile lile mnaloandikia boti na leseni, lipewe kurasa za uokoaji. Boti ikipinduka na mtu akaokoa, siku hiyohiyo liandikwe jina lake kamili na la baba yake, kijiji chake, saa, upande wa upepo, alitumia nini, kamba, mtungi, au mtumbwi, na aliwatoa wangapi. Aliyeokolewa aandike au aeleze kwa maneno yake kabla hajapanda pikipiki kurudi kwao, maana baada ya wiki moja kila mmoja atakuwa na saa zake na idadi yake. Nakala moja ibaki mwaloni, nyingine ipelekwe wilayani. Kalamu na daftari haviwashindi hata wenye mwalo mdogo kabisa.